Kupiga Windows upya na kugawa diski bila kupoteza mafaili: mwongozo kamili

Kosa ni lile lile, iwe kwenye stesheneri ya Mwanjelwa au bweni la chuo Iringa. Mtu anataka kupiga Windows upya. Anajua kazi zake ziko D, kwa hiyo hana wasiwasi. Anafika kwenye orodha ya patisheni, yaani vipande vilivyogawanywa vya diski, anafuta ile anayodhani ni C, na kompyuta ikiwaka D haipo.

Shida ni kwamba orodha hiyo haionyeshi herufi. Hakuna C wala D, kuna namba, ukubwa, na jina kama patisheni iliwahi kupewa jina. Karibu kila kinachofuata hapa chini kinamwandaa mtu kwa skrini hiyo moja.

Mwongozo unahusu Windows 10 na 11. Anayetaka kugawa diski tu, bila kupiga Windows, aishie hatua ya 4.

## Vitu vya kuandaa

- Flashi ya GB 8 au zaidi. Kila kilichomo kitafutwa. Jihadhari na flashi za bei ya kutupa zilizoandikwa GB 64 au 128 huku uwezo wake halisi ni mdogo mno: zinapokea mafaili bila kulalamika, halafu hayafunguki.
- Diski ya nje yenye nafasi ya kutosha mafaili yako yote. Patisheni ya D iliyo kwenye diski ile ile yenye Windows haihesabiki.
- Kompyuta nyingine inayofanya kazi, kwa dharura ya katikati ya njia.
- Intaneti ya kupakua GB 5 hadi 8. Kifurushi cha usiku au Wi-Fi ya chuo inafaa zaidi kuliko kifurushi cha mchana cha simu.
- Chaja na betri inayoshika chaji. Kwa kompyuta ya mezani, UPS.
- Waya wa USB wa simu unaopitisha data. Nyaya nyingine zinachaji tu.
- Karatasi na kalamu.

Kuhusu umeme: kuanzia Novemba hadi Aprili, mvua za Nyanda za Juu Kusini huja na radi. Radi ikianza, chomoa chaja ukutani na uache laptopu iendelee kwa betri. Kama betri imekufa na mawingu yamekaa vibaya, kazi hii isubiri kesho.

## Hatua ya 1: Ijue mashine kabla ya kuigusa

Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika msinfo32, kisha Enter. Tafuta mstari wa BIOS Mode. Utasoma UEFI au Legacy, yaani njia mpya au ya zamani ya kompyuta kuwaka. Andika jibu kwenye karatasi.

Fungua tena kwa Windows na R, andika diskmgmt.msc. Hapa ndipo unapoona diski zote na patisheni zake. Andika ukubwa wa kila moja, hata zile ndogo zisizo na herufi, kisha piga picha ya skrini kwa simu. Bofya kulia juu ya maneno Disk 0, chagua Properties, halafu Volumes. Utaona kama diski ni GPT au MBR, yaani mtindo mpya au wa zamani wa kupanga patisheni. Kwa kawaida UEFI huenda na GPT, Legacy huenda na MBR.

Usishtuke ukiona diski ya GB 500 inasomeka 465, ya 256 inasomeka 238, na ya TB 1 inasomeka 931. Kiwandani wanahesabu kwa 1,000, Windows inahesabu kwa 1,024. Hakuna aliyekuibia.

Mwisho, pima afya ya diski kwa programu ya bure ya CrystalDiskInfo. Ikisema Good, endelea. Ikisema Caution au Bad, simama hapo: nakili mafaili na ubadilishe diski. Laptopu nyingi zinazopelekwa kwa fundi kwa sababu ya uzito, yaani kufanya kazi polepole, zina diski ya zamani iliyochoka, na Windows mpya juu ya diski hiyo itakuwa nzito vile vile.

## Hatua ya 2: Kagua kufuli la BitLocker

Laptopu nyingi za miaka ya karibuni hujifunga zenyewe kwa BitLocker, kufuli la Windows linalosimba diski nzima, mara mwenyewe anapoingia kwa akaunti ya Microsoft, bila yeye kujua. Fungua Command Prompt kama msimamizi, uandike:

manage-bde -status

Ukiona Protection On mahali popote, ingia kwenye akaunti ya Microsoft ya mwenye mashine na uchukue ufunguo wa dharura wenye tarakimu 48. Uandike. Halafu fungua kufuli kabisa:

manage-bde -off C:

Rudia kwa D kama nayo imefungwa. Subiri mpaka status isome Fully Decrypted. Kwenye diski kubwa inaweza kuchukua saa kadhaa.

Kwa nini usumbuke na D wakati huifuti? Kwa sababu D iliyofungwa hujifungua yenyewe kila siku kwa ufunguo uliohifadhiwa kwenye C. Ukifuta C umefuta ufunguo. D itakuwepo, nzima, na hutaweza kuifungua bila zile tarakimu 48.

## Hatua ya 3: Nakili mafaili, kisha uhakikishe

Documents na Desktop kila mtu anazikumbuka. Yanayosahaulika ni haya:

- Folda ya Downloads. Huko ndiko barua za kazi, risiti za malipo na fomu za mikopo ya wanafunzi huishia.
- Nywila na alama za kurasa za kivinjari. Washa usawazishaji wa akaunti, au zihamishe kama faili.
- Mafaili ya QuickBooks, ambayo kwa kawaida hukaa C:\Users\Public\Documents\Intuit, nje ya folda ya mtumiaji. Kwa programu yoyote ya hesabu, tengeneza nakala kwa kutumia programu yenyewe, usikokote folda tu.
- Barua pepe za Outlook zilizohifadhiwa kama mafaili ya pst.
- Fonti za ziada ulizowahi kuweka kwa kazi za kadi na mabango.

Mafaili ya OneDrive yenye alama ya wingu hayapo kwenye kompyuta, yapo mtandaoni. Ukitaka nakala yake, yapakue kwanza.

Ukimaliza, bofya kulia folda ya asili, Properties, soma idadi ya mafaili na ukubwa. Fanya hivyo kwa nakala. Namba zilingane. Halafu chomeka diski ya nje kwenye ile kompyuta nyingine ufungue mafaili manne au matano, hasa makubwa: video, kanzidata, picha za zamani. Yakifunguka huko, sasa una nakala. Kabla ya hapo una matumaini tu.

Angalia pia Settings, System, Activation. Kama Windows imewezeshwa kwa leseni ya kidijitali, itajiwezesha tena baadaye mradi uweke toleo lile lile, Home kwa Home au Pro kwa Pro. Kama iliwezeshwa kwa programu ya kuvunja leseni, huenda isirudi. Usiitafute tena programu hiyo. Ni mlango mpana wa virusi, na kwenye kompyuta ya stesheneri virusi huondoka na flashi za wateja wote.

## Hatua ya 4: Gawa diski, na zipe patisheni majina

Kwanza jiulize kama unahitaji kugawa. Kwenye SSD (diski ya kisasa isiyo na sehemu zinazozunguka) ya GB 256 jibu letu ni hapana. Utaipa C 120, itajaa baada ya miezi michache, huku D imekaa tupu. Iache C moja na mafaili muhimu yakae diski ya nje. Kwenye diski ya GB 500 au zaidi, kugawa kuna faida: siku ya kupiga Windows tena, D haiguswi. C ya GB 150 inatosha watu wengi.

Ndani ya diskmgmt.msc, bofya kulia C, chagua Shrink Volume. Kiasi kinaandikwa kwa MB, na hapa watu hukosea sifuri. Zidisha GB kwa 1,024: GB 100 ni MB 102,400, GB 300 ni MB 307,200. Kumbuka unaandika kiasi cha kupunguza, si kiasi cha kubaki.

Windows ikikuruhusu kupunguza kidogo tu wakati C ina nafasi tele, kuna mafaili yasiyohamishika yamekaa katikati ya diski. Zima usingizi mzito (hibernation) kwa amri ya powercfg /h off, zima System Protection kwa muda, washa upya kompyuta, ujaribu tena. Ukimaliza rudisha ulichozima.

Bofya kulia nafasi nyeusi iliyopatikana, chagua New Simple Volume, NTFS, na kwenye sehemu ya Volume label andika KAZI. Kisha bofya kulia C, Properties, uiandike MFUMO. Majina haya yataonekana kwenye ile orodha isiyo na herufi. Usiache New Volume. Andika majina na ukubwa mpya kwenye karatasi.

Onyo la MBR: diski ya aina hii hubeba patisheni kuu nne tu. Ukitengeneza ya tano, Windows itakuomba kuigeuza diski iwe dynamic. Jibu No. Ukikubali, diski inakuwa ngumu kuipigia Windows, na kuirudisha kwa zana za Windows kunadai ufute kila kitu.

Kama lengo lako lilikuwa kuongeza C na Extend Volume haibonyezeki, sababu ni kwamba C inaweza kukua tu ndani ya nafasi tupu iliyoshikana nayo upande wa kulia. Mara nyingi kuna patisheni nyingine hapo, D au Recovery. Zipo programu za kusogeza patisheni, lakini kusogeza hudumu muda mrefu na umeme ukikatika katikati unaweza kupoteza vyote viwili. Njia salama zaidi ni kunakili D nje, kuifuta, kuongeza C, kisha kuitengeneza D upya.

## Hatua ya 5: Tengeneza flashi

Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikwisha Oktoba 14, 2025. Kama mashine inakidhi vigezo, weka 11: TPM 2.0 (chipu ya usalama), RAM ya GB 4, diski ya GB 64, na kwa upande wa Intel, kichakataji cha kizazi cha 8 au zaidi. GB 4 za RAM zinaruhusiwa, lakini utateseka. Anza na 8. Mashine ya zamani kuliko hapo huendeshwa vizuri na Linux Mint, mfumo wa bure unaochukua nafasi ya Windows, kama kazi zake ni kuandika, kuprinti na kivinjari.

Pakua kutoka tovuti ya Microsoft pekee. Windows zilizopunguzwa zinazozunguka kwenye flashi za mafundi zimeguswa na watu usiowajua.

Media Creation Tool, programu ya Microsoft ya kutengeneza flashi, hufanya kazi yote yenyewe. Ukitumia Rufus, programu nyingine ya bure ya kazi hiyo, chagua GPT na UEFI kama karatasi yako ya hatua ya 1 inasema UEFI. Weka tiki kwenye ukaguzi wa flashi mbovu kama huiamini flashi. Huchukua muda, lakini hufichua flashi feki.

Kwa laptopu ya Intel ya kizazi cha 11 na kuendelea, pakua pia draiva ya Intel RST au VMD, inayokiwezesha kisakinishi kuiona diski, kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, uifungue iwe folda ya kawaida, uiweke ndani ya flashi hiyo hiyo. Na draiva ya Wi-Fi iwekwe humo humo.

## Hatua ya 6: Washa kompyuta kwa flashi

Chomoa diski ya nje yenye nakala zako. Kompyuta ya mezani yenye diski mbili, izime, uchomoe waya wa data wa diski isiyohusika. Sababu ni mbili: huwezi kufuta kisichochomekwa, na Windows haitaweka mafaili yake ya kuwashia kwenye diski nyingine.

Washa huku ukigongagonga kitufe cha menyu ya kuwashia: HP ni F9, au Esc kisha F9, Dell na Lenovo ni F12, Asus laptopu ni Esc, Acer ni F12, lakini mara nyingi lazima uiruhusu kwanza ndani ya F2. Kama kompyuta inawaka haraka mno, ukiwa ndani ya Windows shikilia Shift huku ukibofya Restart, kisha Use a device.

Flashi inaweza kuonekana mara mbili. Chagua mstari wenye neno UEFI kama diski yako ni GPT. Ukichagua ule mwingine utafika mbali kabla ya kugundua kosa.

## Hatua ya 7: Orodha ya patisheni

Chagua lugha, kisha kwenye ombi la ufunguo bonyeza I don't have a product key. Chagua toleo lile lile la mwanzo. Kwenye matoleo ya zamani ya kisakinishi chagua Custom. Kwenye yale mapya ya Windows 11 utatakiwa kuweka tiki ukikubali kwamba kila kitu kitafutwa. Sentensi hiyo inatisha kuliko inavyotenda: kinachofutwa kinategemea unachochagua kwenye orodha inayofuata.

Hii hapa. Kwa diski ya GB 500 iliyogawanywa, inaweza kuwa hivi:

Disk 0 Partition 1, MB 100, System
Disk 0 Partition 2, MB 16, MSR
Disk 0 Partition 3: MFUMO, GB 150
Disk 0 Partition 4: KAZI, GB 315
Disk 0 Partition 5, MB 700, Recovery

Ona kwamba C ni ya tatu na D ni ya nne. Aliyedhani namba 1 ni C na namba 2 ni D yuko njia panda tayari. Toa karatasi. Linganisha jina na ukubwa, vyote viwili. Kisipolingana kimoja, funga dirisha, zima, ukahakikishe upya ndani ya Windows. Kurudi nyuma hapa hakugharimu kitu.

Unayetaka kubakiza D: chagua MFUMO peke yake, bonyeza Delete. Itageuka kuwa Unallocated Space. Hizo ndogo ziache. Chagua hiyo nafasi tupu, kisha Next. Huna haja ya kubonyeza New wala Format.

Unayetaka kuanza upya kabisa: futa patisheni zote za Disk 0, moja moja, mpaka ibaki nafasi tupu moja. Ukitaka C na D, bonyeza New uandike 153,600 kwa C ya GB 150. Windows itajitengenezea zile ndogo. Nafasi iliyobaki utaifanya D baadaye kwa njia ya hatua ya 4.

Yanayokwamisha hapa ni haya:

*Hakuna diski hata moja.* Ni ile draiva ya RST au VMD. Bonyeza Load driver, onyesha folda uliyoiweka kwenye flashi. Diski hutokea papo hapo.

*Windows haiwezi kuwekwa kwa sababu diski ni MBR.* Umewasha kwa UEFI, diski ni ya mtindo wa zamani. Kama unafuta vyote, bonyeza Shift na F10, andika diskpart, kisha list disk. Hakikisha ukubwa ndipo uandike select disk 0, clean, convert gpt. Neno clean halina huruma wala haliulizi mara mbili. Kama unataka kubakiza D, toka, washa Windows ya zamani na ujaribu mbr2gpt /validate /disk:0 /allowFullOS. Ikikubali, rudia amri hiyo ukiweka /convert badala ya /validate, kisha ubadilishe BIOS iwe UEFI. Inabadili diski bila kufuta mafaili, mradi patisheni kuu zisizidi tatu.

*Diski ni GPT.* Kinyume chake: umewasha flashi kwa Legacy. Washa upya, chagua mstari wa UEFI.

## Hatua ya 8: Kusubiri, na kuwasha mara ya kwanza

Kwenye SSD, nusu saa inatosha. Diski ya kuzunguka inaweza kufika saa moja na nusu. Kompyuta itajizima na kuwaka mara kadhaa. Ikiwaka mara ya kwanza usibonyeze kitufe chochote, la sivyo utarudi mwanzo wa kisakinishi. Ukijikuta huko, chomoa flashi na uwashe upya.

Umeme ukikatika katikati ya kunakili, usihangaike na masalia. Rudia hatua ya 6. KAZI haikuguswa.

Windows 11 itadai intaneti, na mara nyingi Wi-Fi haitakuwepo kwa kukosa draiva. Unganisha simu ya Android kwa waya wa USB na uwashe USB tethering. Windows huitambua bila draiva ya ziada. Ukishaingia, kabla ya jambo lolote nenda kwenye mipangilio ya mtandao uwashe Metered connection, vinginevyo masasisho yatakula kifurushi chote ukiwa unatafuta draiva. Yaruhusu baadaye ukiwa kwenye Wi-Fi ya bure.

Saa: chagua UTC+03:00 Nairobi, maana Dar es Salaam haimo kwenye orodha. Saa ikiwa mbaya, tovuti na leseni hukataa.

## Utajuaje umefanikiwa

Zima kabisa, chomoa flashi, washa. Kompyuta ifike kwenye Windows yenyewe.

Ndani ya Device Manager kusiwe na alama ya njano. Ikiwepo, chukua draiva kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa namba ya mfululizo (serial number) iliyobandikwa chini ya laptopu. Achana na mapakiti ya draiva za jumla. Activation isome Active. KAZI ionekane, kama ipo kwenye diskmgmt.msc bila herufi, ipe kupitia Change Drive Letter. Ikikataa kufungua folda kwa kukosa ruhusa, bonyeza Continue, kwa sababu kwa Windows mpya wewe ni mgeni.

Nakala ya diski ya nje usiifute mpaka mwenye mashine ametumia kompyuta wiki mbili bila kuuliza faili lilipo.

## Kama tayari umefuta isiyo yenyewe

Simama. Usitengeneze patisheni mpya, usifomati, usiendelee na kusakinisha. Kufuta patisheni huondoa maelezo ya mahali ilipoanzia na kuishia. Mafaili yenyewe bado yamelala pale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake.

Zima mashine, toa diski, iunganishe kwenye kompyuta nyingine kwa kebo ya SATA kwenda USB. Windows ikiomba kuifomati, kataa. Endesha TestDisk, programu ya bure ya kutafuta patisheni zilizopotea, chagua diski kwa ukubwa, kisha Analyse na Quick Search. Ikiipata KAZI, bonyeza P uone mafaili yake. Ukiyaona, chagua yote kwa herufi ndogo a, kisha C kubwa uyanakili kwenye diski ya tatu kwanza. Kurudisha patisheni mahali pake kwa Write kufanyike baada ya hapo.

Kwenye diski ya kuzunguka nafasi ni nzuri. Kwenye SSD, kama patisheni ilishafomatiwa, amri ya TRIM, inayoiambia SSD isafishe data isiyohitajika tena, inaweza kuwa imesafisha vyumba vyake tayari, na hapo hata mtaalamu mwenye vifaa vya gharama huenda asiambulie kitu.